Maneno Niliyoyaruka

Baba Francine alisimama kabla hajaambiwa asimame. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, la kijivu, na mabegani theluji aliyoingia nayo ilikuwa imeyeyuka ikaacha madoa meusi. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema maneno yake kwa Kiswahili cha Wakongo wa Uvira, polepole, kwa ile sauti ya chini ambayo mtu huitumia akisimama mbele ya wakubwa. Alipomaliza, nyuso zote za chumba kile zilinigeukia mimi.

Wajumbe watatu wa bodi ya shule, mwalimu mkuu, karani na kompyuta yake, na Francine kando yangu, ndani ya sare ya shule iliyokuwa imemfukuza wiki tatu kabla. Nje theluji ilianguka bila haraka. Ilikuwa Machi ya 2018, mwaka ule theluji ilirudi watu wakiwa wameshaanza kuyasahau makoti mazito, na mwanga uliopita dirishani ulikuwa mweupe mno, kila kitu mle ndani kikaonekana kimeoshwa: meza, karatasi, jagi la maji, mikono ya yule mama aliyekuwa mwenyekiti wa bodi. Hata leo nikifumba macho nakiona chumba kile kikielea peke yake, hakina shule ya kukizunguka wala barabara ya kukifikia.

Walikuwa wakingoja Kiingereza changu. Nikafungua mdomo, nikadanganya.

Haukuwa uongo wa kutunga, mtaniambia. Niliruka maneno tu, kama mtu anavyoruka dimbwi asilowe viatu. Sawa. Lakini dakika kumi kabla nilikuwa nimemwahidi karani kwamba kila kitakachosemwa nitakitafsiri, pande zote mbili, bila kuongeza wala kupunguza. Na nilikuwa mwalimu wa msichana yule. Hilo ndilo lililonichoma baadaye.

*

Naitwa Hibo. Nilizaliwa Isiolo, nikafundisha Kiingereza sekondari huko miaka minane, nikaolewa Uholanzi, kisha tukahamia Birmingham, ambako vyeti vyangu vya ualimu vilisomwa kwa heshima na kurudishwa kwenye bahasha. Siku za kazi nilikuwa msaidizi wa darasa katika shule moja ya Kings Heath, nikikaa kando ya mtoto aliyelemewa na kumwonyesha kwa kidole mstari tuliofika. Jumamosi ndiyo ilikuwa yangu. Kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja nilikuwa na watoto tisa katika ukumbi mdogo wa kanisa huko Lozells, nikiwafundisha kuandika insha ya hoja. Msomali na hijabu yake ndani ya ukumbi wa kanisa. Mama mkwe wangu alipopata habari alinyamaza kwenye simu hadi nikadhani laini imekatika.

Nilizipenda alasiri zile kupita kiasi. Vioo vya ukumbi vilikuwa vya ukungu, mwanga ukiingia hauna kivuli, hujui kama ni saa nane au saa kumi. Chumba cha pili kwaya ya Wakongo ilifanya mazoezi. Kuna wimbo mmoja waliurudia mwezi mzima, wakikwama palepale kila mara, wakicheka, wakianza upya. Na sisi upande wetu tulifanya vilevile: tunaandika, tunasoma kwa sauti, tunakwama, tunafuta, tunaanza upya. Nadhani ile kwaya iliwasaidia watoto kuliko mimi. Waliwasikia watu wazima wakikosea mchana kweupe na kurudia bila aibu.

Maana shida ya watoto wale haikuwa hoja. Hoja walikuwa nazo tele, ungewasikia kwenye basi. Shida ilikuwa kuandika mara ya pili. Waliiona rasimu ya kwanza kama ngozi yao, ukiigusa umewagusa. Mahad, kijana wa Kisomali mwenye mdomo usiotulia, aliniambia siku moja kwamba kufuta sentensi ni kukubali umeshindwa. Nikamwambia basi mimi nimeshindwa mara nyingi kuliko nywele za kichwa chake, nikamtia kalamu mkononi na kumwambia ashindwe na yeye kidogo.

Kanuni niliyowapa ilikuwa moja. Jambo linalokuuma, nilisema, litaje wewe kwanza. Usilifiche ukidhani msomaji hataliona. Ataliona, na akishaliona hatakuamini tena hata ukimwambia leo ni Jumamosi. Liweke mezani mapema, kwa maneno yako mwenyewe, halafu mweleze kwa nini bado unasimama pale unaposimama. Nililisema hilo mara nyingi kiasi kwamba Mahad aliniigiza, kwa lafudhi yangu ya Isiolo, kidole kikiwa hewani, na darasa zima likaanguka kicheko.

Francine ndiye aliyeandika kuliko wote. Alikuwa na miaka kumi na tano, mrefu, mwenye sauti ndogo. Baba yake, Ignace, alifanya kazi katika kiwanda cha mikate. Mama yake, Goretti, alikuwa mmoja wa zile sauti za chumba cha pili. Kiswahili Francine alikielewa chote, hata kile cha kunong'ona, lakini alijibu kwa Kiingereza kama watoto wengi waliokulia Birmingham. Baba anauliza kwa Kiswahili, binti anajibu kwa Kiingereza, na baba anaitikia kwa kichwa. Kwa muda mrefu nilidhani baba anakielewa.

Kilichotokea shuleni kwao ni hiki. Jumatano moja ya Februari, kengele ya chakula cha mchana ilipolia, msichana aitwaye Charity alianguka kwenye ngazi akavunjika kifundo cha mkono. Wasichana wawili walisema Francine alimsukuma. Charity mwenyewe alisema alihisi mkono. Na wiki moja kabla Francine na Charity walikuwa wamegombana mbele ya darasa zima, wakatukanana vibaya, kila mtu akasikia. Mwalimu mkuu hakuhitaji zaidi ya hapo. Akamfukuza shule moja kwa moja. Ilibaki njia moja tu: ndani ya wiki tatu bodi ya shule ingekaa na kusikiliza, na ikitaka ingeweza kumrudisha. Isipomrudisha, mtihani wa mwisho wa mwezi Mei ungemkuta hana shule.

Jumamosi ile alikuja na karatasi nne. Hakusalimu.

"Nimeandika barua ya bodi, Miss," alisema. "Isahihishe."

Ilikuwa moto mtupu. Shule nzima ni waongo, mwalimu mkuu ni mbaguzi, Charity anajifanya. Kuhusu ule ugomvi wa wiki iliyotangulia hapakuwa na neno hata moja.

"Ugomvi uko wapi?" nikamuuliza.

"Hauhusiani."

"Unakuuma?"

Alikaa akiitazama karatasi. Upande wa pili kwaya ilifika pale inapokwama, ikakwama. Kisha Francine akavuta karatasi mpya, akaandika kwa herufi ndogo sana kwamba yeye na Charity waligombana, kwamba alimwambia maneno ambayo anayaonea haya, na kwamba tangu siku ile hawakuwa wamezungumza. Alipomaliza alinisukumia karatasi bila kuniangalia. Nilimpenda sana dakika ile, kwa namna ambayo mwalimu hatakiwi kusema.

Aliandika rasimu saba. Kwa kuwa hakuwa na shule ya kwenda, alinitumia picha za kurasa kwenye simu, na mimi nilizisoma nikiwa kwenye basi, kioo kimejaa mvuke, Birmingham inapita nje kama kitu ninachokiota. Katika rasimu ya tatu ndipo jambo la kweli lilipojitokeza, limejibanza katikati ya malalamiko: Charity alikuwa akishuka, Francine akipanda. Alikuwa ngazi mbili chini yake. "Huwezi kumsukuma mtu akuangukie," alikuwa ameandika, akapita, kana kwamba ni jambo dogo. Nikamwambia ailete Jumamosi, awasomee wenzake.

Aliposoma, Mahad akainua mkono. "Basi ulimvuta," akasema.

Ningeweza kumkatiza Mahad, nimwambie haya ni maisha ya mwenzako. Sikumkatiza, na kama kuna kitu ninachojivunia katika kazi yangu yote ni kule kunyamaza. Dakika nzima ikapita, labda mbili. Kisha Francine akasema, taratibu, kama anayesoma maandishi yaliyo mbali, kwamba mtu anayemvuta mwenzake hukwepa. Hasimami palepale aangukiwe. Yeye aliangukiwa. Alikuwa na alama ya kiwiko cha Charity begani kwa siku nane, na katika chumba cha huduma ya kwanza waliiandika kitabuni siku hiyohiyo. Na ule mkono ambao Charity aliuhisi ulikuwa wake kweli. Aliunyoosha ili amdake.

"Andika hivyohivyo," nikamwambia. Machozi yalikuwa yakinilengalenga na sikutaka Mahad ayaone.

Rasimu ya tano ndiyo iliyomleta baba yake. Alinisubiri mlangoni baada ya darasa, barua ikiwa imekunjwa mara mbili mkononi mwake.

"Madame Hibo," aliniambia, "Mama Francine amenisomea kwa Kiswahili. Barua ni nzuri. Lakini haina mwanzo."

"Mwanzo gani, Baba Francine?"

"Haiombe musamaha."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Isiolo mzazi akiitwa shuleni alianza hivyo, kabla hata hajajua mtoto amefanya nini. Aliingia, akatusalimu, akasema: walimu, kama amewakosea mtusamehe. Hakuwa anakiri chochote. Ilikuwa kama kuvua viatu mlangoni. Ukishavua ndipo unakaribishwa, ndipo mazungumzo yanaanza, na mara nyingi yaliisha mtoto akionekana hana kosa. Mzazi aliyeingia moja kwa moja na utetezi tulimwona jeuri, na ule ujeuri tulimhesabia mtoto. Miaka minane nilikaa upande wa pili wa meza ile nikipokea misamaha. Kwa hiyo nikamwambia Baba Francine amesema kweli, na katika rasimu ya sita tukauweka mstari juu kabisa: kabla ya yote, ninaomba radhi kwa yaliyotokea.

Francine aliusoma mara mbili. "Kwa nini naomba radhi kwa kitu ambacho sikufanya?"

"Ni adabu tu. Ni kubisha hodi."

"Na wao watajua kwamba nabisha hodi, Miss?"

Nikamwambia aache ubishi. Mimi, mwalimu wa ubishi.

Namshukuru Mungu kwa Balwinder. Alikuwa mwalimu pale shuleni Kings Heath, mama mkavu wa maneno, aliyewahi kukaa kwenye bodi ya shule nyingine kwa miaka mingi. Nilimwonyesha ile barua saa ya chai, nikitaka anisifie kidogo, kusema kweli. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Hapa ndipo ningeacha kusoma," akasema. "Amekiri. Kilichobaki ni adhabu." Chai yangu ikapoa mkononi. Nilikuwa nimemshika mtoto wa watu mkono, nimempeleka mwenyewe hadi ukingoni, na nilikuwa nikijiona nina adabu.

Mstari ukafutwa, ikawa rasimu ya saba. Nikamfuata Baba Francine nyumbani kwake, nikamweleza kwa utaratibu: siku ya kikao wewe utasalimia, useme jina lako, useme unamwamini binti yako. Msamaha usiutaje. Watu hawa wakiusikia wataandika kwamba amekiri. Alinisikiliza hadi mwisho, watoto wake mapacha wakimpanda magotini wakiwa na tetekuwanga mwili mzima, ndiyo maana mama yao asingeweza kuja kikaoni. "Sawa, Madame," alisema. "Nimesikia." Naamini alisikia. Lakini kusikia kulikuwa kwa kichwa, na kile kingine kilikuwa ndani ya mgongo wake tangu utotoni. Alipoiona ile meza ndefu na wakubwa wamekaa nyuma yake, mgongo ukainama wenyewe.

*

Alichosema ni hiki. "Bakubwa, miye ni baba ya huyu mutoto. Kwanza kabisa tunaomba musamaha. Kama mutoto wetu amewakosea, mutusamehe. Kama miye sikumulea muzuri, munisamehe. Tuko wageni, hatujue yote. Mutuhurumie."

Nilichosema mimi ni hiki: "Bwana Ignace anawashukuru kwa kutupokea, na anaomba mumsikilize binti yake."

Karani akapiga vidole vyake kwenye kompyuta. Mwenyekiti akatabasamu, akamwonyesha Baba Francine kwa mkono kwamba anaweza kuketi, lakini yeye hakuiona ile ishara au hakuielewa, akabaki amesimama. Nikapumua. Ilikuwa imepita, nilijiambia, na theluji iliendelea kushuka nje, na kwa muda mfupi nilijisikia mwepesi kabisa.

"Hakusema hivyo," alisema Francine.

Alisema kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake ndogo. Alikuwa akimtazama mwenyekiti, mimi hakunitazama.

"Miss Hibo ameruka kipande. Baba ameomba msamaha. Amesema kama nimewakosea mtusamehe, na kama yeye hakunilea vizuri mumsamehe yeye. Nataka iandikwe."

Mwalimu mkuu aliinua kichwa. Damu ilinipanda hadi masikioni, chini ya hijabu, na nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa na hasira naye pia, siwezi kuficha. Niliwaza: mtoto huyu amejimaliza mwenyewe.

"Ameruka kwa sababu anaogopa mtasema nimekiri," Francine aliendelea. "Labda mngesema. Ndiyo maana nasema mwenyewe kwanza." Akawageukia wajumbe wengine wawili. "Baba yangu huomba msamaha kabla ya kitu chochote, kila mahali. Dereva wa basi akimbana na mlango, Baba anamwomba dereva msamaha. Tulipofika nchi hii kuna afisa mmoja alipoteza faili letu, tukakaa miezi kumi na minne bila jibu. Siku faili lilipopatikana, Baba alimwomba yule afisa msamaha. Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka saba. Kama msamaha wa Baba wa leo ni ushahidi kwamba nilimsukuma Charity, basi ule mwingine ni ushahidi kwamba faili alilipoteza Baba mwenyewe."

Mjumbe mmoja, mzee aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, aliitazama karatasi iliyokuwa mbele yake kama ndiyo kwanza anaiona. Maneno yale hayakuwa katika rasimu yoyote kati ya zile saba.

"Amesema nini?" Baba Francine aliniuliza kwa kunong'ona. "Amesema juu yangu. Nimeona bote bamenitazama. Amesema nini?"

Nilimwangalia mwenyekiti. Akaniambia nichukue muda ninaouhitaji. Basi nikamgeukia Baba Francine na nikamwambia yote, mbele ya watu wale ambao hawakuelewa hata silabi: basi, mlango, dereva, afisa, faili, miaka saba. Nilimwambia pia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeyaruka maneno yake, na kwamba binti yake ndiye aliyeyarudisha. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile. Alinisikiliza akinitazama mdomoni. Mikono yake ilitoka kwenye ukingo wa meza, ikaning'inia, na alionekana hajui pa kuiweka.

Kisha Francine akaomba ruhusa asome barua yake. Akaanza na ugomvi. Akaja kwenye ngazi, kwenye bega, kwenye mkono ulionyooshwa. Akamaliza kwa kusema anasikitika kwamba Charity aliumia, kwa sababu kweli alisikitika, na hapo hapakuwa na mtu wa kumfundisha. Ilichukua dakika sita. Mimi nilikuwa nikimtafsiria baba yake sikioni, sentensi kwa sentensi.

Walitutoa chumbani ili wajadiliane. Tulingoja katika ukumbi mrefu wenye viti vya plastiki na picha za wanafunzi ukutani, na madirisha upande mmoja mzima, yote meupe. Sauti za shule zilitufikia kwa mbali, kama za watu walio chini ya maji. Baba Francine aliketi kiti cha katikati. Francine alisimama dirishani, ametugeuzia mgongo.

Mimi nilitaka kumwambia Francine nimekosa. Neno lilikuwa pale mdomoni na lilikataa kutoka, mimi niliyelipokea kutoka kwa wengine miaka minane. Nilikuja kumwambia miezi mingi baadaye, tukisubiri basi Lozells, nikajieleza kwa kirefu, nikarudi nyuma, nikajichanganya. Alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa rasimu ya kwanza, Miss," akasema, "si mbaya." Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile alinipa mgongo, na nilistahili.

"Yule wa faili," Baba Francine akasema ghafla. Hakuwa akisema nami wala na binti yake. Alikuwa akiongea na sakafu. "Niliogopa. Nilijiambia, akikasirika ataturudisha kule. Donc, ndiyo maana, nikamuomba." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mutoto alikuwa pale kwa kiti, amefunga macho. Nilijua amelala."

"Sikuwa nimelala, Baba," alisema Francine.

Alisema kwa Kiswahili. Miaka yote niliyomjua sikuwa nimemsikia akimjibu baba yake kwa Kiswahili. Hakugeuka, aliendelea kutazama theluji, na baba yake aliinua uso akautazama ule mgongo wa sare ya shule. Nilitamani nisiwepo pale. Sikuwa na cha kumtafsiria mtu yeyote.

Dakika arobaini baadaye karani alifungua mlango.

Mwenyekiti hakuzungusha maneno. Alisema bodi imesoma kitabu cha huduma ya kwanza, imesikia maelezo, na haioni kwamba tuhuma imethibitishwa. Francine anarudi shuleni, na anaweza kuingia darasani kesho asubuhi. Nilitafsiri neno kwa neno. Francine alifunika mdomo kwa mikono miwili. Mwalimu mkuu alianza kukusanya karatasi zake, mzee wa bodi akavuta koti lake kutoka nyuma ya kiti, na kila mtu mle ndani alikuwa ameshaanza kuondoka moyoni.

Baba Francine akasimama.

Wote wakatulia, kwa adabu, wakimngoja. Walishajua atakachosema, na mimi pia, naungama, nilijua. Nilikuwa nimeshaandaa Kiingereza chake, shukrani zote na misamaha yote, na safari hii sikukusudia kuruka hata neno moja.

"Baulize," akaniambia. "Hizi wiki tatu mutoto amekosa masomo, nani atamurudishia?"

Nikauliza. Mwenyekiti akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akaziweka tena karatasi zake mezani, moja juu ya nyingine, akizinyoosha pembe. Baba Francine akavuta kiti chake, akaketi, akasubiri jibu.